Takwimu Zinaporudi kwa Mtabibu: Maswali na Majibu kuhusu Mrejesho wa Kidijitali

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor nchini Marekani, kipo kikundi cha watafiti kinachoongozwa na Zach Landis-Lewis ambacho kwa miaka mingi kimejikita katika suala moja: namna ya kuwafikishia madaktari, wauguzi na matabibu wengine taarifa za utendaji wao wenyewe kwa njia ya kompyuta, ili taarifa hizo ziwasaidie kutibu vizuri zaidi badala ya kuwachosha. Suala hilohilo linachunguzwa pia Manchester, Amsterdam, Ottawa, Toronto na Nairobi, na matokeo yake yanastahili kujulikana kwa yeyote anayehusika na huduma za afya Afrika Mashariki, ambako vituo huandika takwimu nyingi kila siku na kurudishiwa chache mno.

Mrejesho wa kidijitali ni kitu gani hasa, na unatofautianaje na ukumbusho?

Mrejesho, kwa maana inayotumika hapa, ni muhtasari wa kazi ambayo mtoa huduma amekwisha kuifanya katika kipindi fulani, unaorudishwa kwake mwenyewe ili aulinganishe na kiwango kinachotakiwa. Kwanza huchaguliwa kiashiria, yaani jambo moja linalohesabika ambalo wataalamu wanakubaliana kwamba linaonyesha ubora wa huduma, kama vile idadi ya watoto wenye mafua ya kawaida walioandikiwa antibiotiki. Kisha kumbukumbu za wagonjwa hupekuliwa, hesabu hufanywa, na matokeo hupelekwa kwa mhusika. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, faili moja baada ya jingine, na ripoti ilipomfikia mhusika wagonjwa waliohesabiwa walikuwa wameshasahaulika. Kumbukumbu zikiwa katika mfumo wa kielektroniki, hesabu hufanywa na kompyuta yenyewe, na matokeo husafiri kwa barua pepe, kwa ujumbe wa simu au kupitia dashibodi, yaani ukurasa unaokusanya viashiria vyote mahali pamoja kwa grafu na rangi.

Ukumbusho ni jambo jingine. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet ulihusisha vituo 107 vya vijijini, ambapo baadhi ya wahudumu walitumiwa kwa muda wa miezi 6 ujumbe mfupi wa simu unaowakumbusha kanuni za kutibu malaria kwa watoto, na matibabu sahihi yakaongezeka kwa tofauti ya asilimia 23.7 mara baada ya zoezi na asilimia 24.5 miezi 6 baadaye. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini ujumbe ule ulikuwa mmoja kwa wote na haukujua lolote kuhusu anayeusoma. Mrejesho humwambia mhusika yeye, kwa kazi yake ya mwezi uliopita, alifikia wapi, na kwa sababu hiyo una nguvu za pekee na una madhara ya pekee pia.

Je, mtaalamu aliyesomea kazi yake kwa miaka mingi hajui mwenyewe anavyoifanya?

Kwa kiasi kikubwa hajui, na hilo si tusi kwa taaluma yoyote. Mapitio ya tafiti kuhusu madaktari, yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, yalikuta kwamba kati ya ulinganisho 20 wa jinsi madaktari walivyojipima na jinsi walivyopimwa na wengine, 13 ulionyesha uhusiano hafifu, au hakuna uhusiano wowote, au uhusiano wa kinyume, na waliokosea zaidi kujipima walikuwa miongoni mwa wale wenye ujuzi mdogo na wale wenye kujiamini sana.

Sababu imo katika mpangilio wa kazi yenyewe. Mtaalamu wa usingizi humkabidhi mgonjwa kwa wauguzi wa chumba cha uangalizi, na kutapika kulikotokana na dawa hutokea saa kadhaa baadaye wodini, yeye akiwa kwenye upasuaji mwingine. Tabibu wa zahanati humwandikia mtoto dawa na kumruhusu, na mtoto asiporudi haijulikani kama amepona, amehamia kituo kingine au amefariki. Anayefanya kazi bila kuyaona matokeo yake hawezi kujirekebisha kwa uzoefu pekee, hata uwe wa miaka 30.

Ushahidi unaonyesha kwamba mrejesho husaidia kwa kiasi gani?

Mapitio yaliyotegemewa zaidi kwa miaka mingi ni yale ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012, ambayo Noah Ivers wa Toronto na wenzake waliyafanya kwa kukusanya majaribio 140. Waligundua kwamba, kwa kipimo cha kati, yaani matokeo yanayoangukia katikati yote yakipangwa kuanzia dogo hadi kubwa, mrejesho uliongeza utendaji unaotakiwa kwa tofauti ya asilimia 4.3: ikiwa wagonjwa 60 katika kila 100 walikuwa wakipata tiba sahihi, baada ya mrejesho waliipata kama 64. Ongezeko hilo linaweza kuonekana dogo, lakini likienea katika nchi nzima linagusa watu wengi sana. Hata hivyo linaficha jambo zito zaidi, kwa kuwa robo ya chini ya matokeo ilipata ongezeko la asilimia 0.5 au pungufu, au hata kurudi nyuma, huku robo ya juu ikipata asilimia 16 na zaidi. Kitu kinachoitwa kwa jina moja, katika mikono tofauti, kilizaa matunda mema au hakikuzaa chochote.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Ivers na wenzake, walipoyapanga majaribio hayo kwa kufuata miaka, waliona kwamba makadirio ya faida yalikuwa yameshatulia kufikia mwaka 2003, na majaribio yaliyofuata yakaendelea kuuliza swali lililokwisha kujibiwa, kwamba mrejesho ni bora kuliko kutokuwa na mrejesho, bila kulinganisha aina moja ya mrejesho na nyingine. Wagonjwa, watoa huduma na fedha za umma vilitumika kuthibitisha kilichothibitishwa. Ni kutokana na hali hiyo kwamba vikundi kama kile cha Michigan viliamua kugeuza swali: si kama mrejesho unafaa, bali ni mrejesho wa namna gani, kwa nani, na kwa njia zipi hufanya kazi.

Kwa nini ujumbe uleule humwinua mmoja na kumvunja moyo mwingine?

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Mwaka 1996, wanasaikolojia Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichambua ulinganisho zaidi ya 600 kuhusu mrejesho katika kazi za kila aina, wakakuta kwamba kwa wastani utendaji huboreka, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya ulinganisho huo ulishuka. Maelezo yao yalihusu mahali mawazo ya mpokeaji yanapoelekezwa: ujumbe ukimwelekeza kwenye kazi, na hasa kwenye kipengele cha kazi anachoweza kukibadilisha, hujitahidi; ukimwelekeza kwenye nafsi yake, hadhi yake na jinsi anavyoonekana mbele ya wengine, nguvu zake huishia katika kujitetea au kukata tamaa.

Mifano miwili kutoka Marekani inaonyesha jinsi mstari huo ulivyo mwembamba. Wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2016, ulihusisha kliniki 47 za Boston na Los Angeles, ambapo kundi moja la madaktari lilitumiwa barua pepe kila mwezi ikimwarifu kila mmoja kama alikuwa miongoni mwa wale walioandika antibiotiki zisizohitajika kwa uchache zaidi, au la. Kiwango cha dawa hizo katika kundi hilo kilishuka kutoka asilimia 19.9 hadi 3.7; katika kundi la kulinganishia, ambalo halikutumiwa barua hizo, nacho kilishuka, lakini kutoka asilimia 24.1 hadi 13.1 tu. Wa pili, uliofanywa katika mfumo wa afya wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles na kuchapishwa mwaka 2022, uliwahusisha madaktari 199 wa huduma za msingi, na ulionyesha kwamba kumpa daktari nafasi yake kati ya wenzake hakukuboresha utendaji kwa kiasi cha kutambulika, bali kulipunguza kuridhika kwake na kazi na kuzidisha uchovu wa moyo unaotokana na kazi. Madhara hayo hayakujitokeza pale ambapo viongozi wa madaktari walikuwa wamefundishwa namna ya kuwasaidia walio chini yao, na hilo lapaswa kusomwa kwa makini na kila anayepanga kubandika orodha ya washindi na walioshindwa ukutani.

Kikundi cha Michigan kinafanyia kazi tofauti hizo kupitia mtandao wa hospitali unaoratibiwa kutoka chuo hicho, unaojulikana kwa kifupi kama MPOG, ambao hukusanya kumbukumbu za kielektroniki za wagonjwa waliopewa dawa ya usingizi na kuwatumia wataalamu wa usingizi barua pepe ya kila mwezi kuhusu viashiria vingi, kama vile joto la mwili wa mgonjwa kutoshuka chini ya nyuzi 36 mwishoni mwa upasuaji, au mgonjwa kukingwa dhidi ya kichefuchefu. Barua ya namna hiyo, ikimpa kila mmoja viashiria vyote kwa mpangilio mmoja, humwachia mpokeaji kazi ya kutafuta lililo muhimu, na mwenye shughuli nyingi huifunga bila kuisoma. Landis-Lewis na wenzake wameunda programu inayopitia takwimu za kila mtu na kutafuta ndani yake habari yenye uzito wa kumsukuma: kwamba ameshuka chini ya wenzake ilhali awali alikuwa juu, au anaendelea kupanda mwezi hadi mwezi, au amebakiza hatua ndogo kufikia lengo. Kisha programu huchagua kiashiria kimoja cha kutangulizwa, pamoja na maneno na mchoro unaoendana nacho, kwa kuwa wapo wanaochochewa na pengo na wapo wanaochochewa na maendeleo. Wao huuita mrejesho uliolengwa, na ugumu wake mkubwa uko katika kuziandika nadharia za saikolojia kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuzitumia kufanya uamuzi, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na msimamizi mwenye busara anayewafahamu watu wake.

Je, hospitali ikinunua dashibodi nzuri haitoshi?

Haitoshi. Nchini Uholanzi, watafiti wa Amsterdam wanaotumia sajili ya taifa ya vyumba vya wagonjwa mahututi walifanya jaribio katika vyumba 30 ambapo timu zilipewa ripoti za mara kwa mara pamoja na ziara za wataalamu, na huduma haikuboreka. Katika jaribio lililofuata, lililohusisha vyumba 21 na huduma ya kutuliza maumivu, timu zote zilipewa dashibodi, lakini baadhi ziliongezewa ndani yake orodha ya vikwazo vinavyojulikana, hatua zinazoweza kuchukuliwa kwa kila kikwazo, na nafasi ya kuandika mpango wao. Hizo ndizo zilizoboreka zaidi. Watu wengi katika vyumba hivyo walikuwa tayari na nia ya kufanya vizuri, na kilichokosekana kilikuwa njia ya kutoka kwenye nia kwenda kwenye tendo.

Mfano wa Salford, Uingereza, unaonyesha njia hiyo ikiwepo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walitengeneza dashibodi ya usalama wa dawa iliyotumika katika kliniki 43, ambayo haikuishia kwenye asilimia bali ilimwonyesha mfamasia wagonjwa wenyewe waliokuwa hatarini, kwa mfano mwenye historia ya vidonda vya tumbo anayetumia dawa ya maumivu inayoweza kumsababishia kutokwa damu, bila kinga yoyote. Wafamasia walikuwa wamefundishwa kuitumia na walikaa na madaktari kurekebisha maagizo hayo. Maagizo ya dawa yenye hatari yalipungua kwa asilimia 27.9 baada ya wiki 24, na kwa asilimia 40.7 baada ya miezi 12. Ni vigumu kuamini kwamba skrini peke yake ingeleta hayo bila mfamasia.

Mwaka 2019, timu ya Manchester iliyoongozwa na Benjamin Brown ilichambua programu 73 za mrejesho na kuunda nadharia ambayo leo hutajwa mara nyingi katika uwanja huu. Nadharia hiyo inasema kwamba watoa huduma wana uwezo na muda wenye mipaka, kwamba wana imani thabiti kuhusu namna huduma inavyopaswa kutolewa, na kwamba mrejesho unaoonyesha tendo la kufanya hushinda ule unaoonyesha hesabu tu.

Hali ikoje Afrika Mashariki?

Takwimu si chache. Nchini Tanzania, vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, hujazwa katika kila zahanati, na Kenya ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa DHIS2 kwa nchi nzima mwaka 2011, miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara. Lakini mifumo hiyo ilijengwa ili taarifa zipande kutoka kituoni kwenda wilayani au kaunti hadi wizarani, na muuguzi anayejaza daftari baada ya zamu ndefu mara nyingi haoni tena namba alizoandika. Si ajabu kwamba kujaza huchukuliwa kuwa mzigo, na namba zinazojazwa kama mzigo huwa na makosa, kisha makosa hayo huwa sababu ya kuzidharau.

Mtandao wa taarifa za kitabibu ulioanzishwa Kenya mwaka 2013 na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust, pamoja na Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa watoto na hospitali za kaunti, umeonyesha kwamba mzunguko huo unaweza kuvunjwa. Karani katika kila hospitali huingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za watoto waliolazwa, na kila baada ya miezi michache ripoti hurudi kwa daktari wa watoto na viongozi wa wodi, ambao pia hukutana na wenzao wa hospitali nyingine kuijadili. Jambo la kwanza kuboreka lilikuwa uandishi wenyewe wa dalili na vipimo katika faili, na hilo si dogo, kwani bila uandishi mzuri hakuna kiashiria kinachoaminika. Aghalabu wanaousimulia mtandao huo huanza na programu ya kompyuta, ilhali ustawi wake unaelezeka zaidi kwa kuwa ripoti zinapokewa na wataalamu wanaofahamiana na kuheshimiana.

Nchini Tanzania, katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, utafiti uliofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na washirika wao wa Uswisi katika vituo 40 uliwapa matabibu wa nusu ya vituo hivyo kishikwambi chenye programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua katika kumchunguza mtoto mgonjwa, pamoja na vipimo vya haraka, mafunzo, ushauri wa karibu na dashibodi za kulinganisha vituo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba antibiotiki ziliandikwa kwa asilimia 23.2 ya watoto katika vituo vilivyopewa kishikwambi, ikilinganishwa na asilimia 70.1 katika vituo vya huduma ya kawaida, na watoto hawakupona vibaya zaidi kwa kukosa dawa hizo. Haiwezekani kutenga ni sehemu gani ya tofauti hiyo iliyotokana na mrejesho, kwa sababu vyote vilitolewa kwa pamoja. Katika nchi ambako usugu wa vimelea dhidi ya dawa unawanyima madaktari silaha za mwisho, mchanganyiko huo unastahili kuendelezwa.

Landis-Lewis mwenyewe alianza kuchunguza mrejesho unaoandaliwa na kompyuta katika kliniki za Malawi, na vikwazo vya huko vinafahamika kwa kila mganga mfawidhi wa ukanda huu: mtumishi huhamishwa kitengo kabla takwimu zake hazijatosha kukokotolewa, umeme hukatika na kumbukumbu hurukwa. Programu iliyotengenezwa kwa hospitali ya Michigan haiwezi kuchukuliwa ilivyo na kuwekwa katika kituo chenye matabibu wawili.

Je, mrejesho hauwezi kugeuzwa kuwa fimbo?

Unaweza, na watumishi wana haki ya kuhofia hilo. Tabibu anayepokea wagonjwa waliozidiwa kutoka vijiji vya mbali ataonekana mbaya kuliko mwenzake wa mjini ikiwa hesabu haizingatii hali za wagonjwa. Kiashiria kinachotegemea wagonjwa 6 kwa mwezi hupanda na kushuka kwa bahati tu. Na kituo kilichoishiwa dawa hakiwezi kulaumiwa kwa kutoitoa. Kwa hiyo ni muhimu mhusika aweze kuona namba zimepatikanaje, awe na mahali pa kuzipinga, na namba za mtu binafsi zimfikie yeye kabla ya kumfikia mwajiri wake. Mamlaka zinazotumia takwimu zilezile kwa kufundishia na kwa kuadhibia zitapata faili zilizojazwa vizuri na wagonjwa waliotibiwa vibaya.

Hilo halimaanishi kwamba msimamizi hana nafasi. Jijini Dar es Salaam, wahudumu wa afya ya jamii walipotumiwa ujumbe wa simu kuhusu ziara walizochelewa kufanya, na msimamizi akaarifiwa pale walipoendelea kuchelewa, siku za kuchelewa zilipungua kwa asilimia 86. Msimamizi alipoondolewa kwenye mpangilio huo, utendaji ulishuka. Mhudumu alihitaji kujua kwamba yupo mtu anayefuatilia, ambaye pia angeweza kumuuliza kilichomkwamisha.

Mrejesho ukikoma, nini hutokea?

Swali hili halipewi uzito unaostahili, hasa katika nchi ambako mifumo mingi huletwa na miradi yenye tarehe ya mwisho. Madaktari wa Boston na Los Angeles waliotajwa hapo juu walifuatiliwa kwa miezi 12 baada ya barua pepe kusitishwa, na kiwango chao cha antibiotiki zisizohitajika kilipanda, kwa hesabu za ufuatiliaji huo, kutoka asilimia 4.8 hadi 6.3, lakini kilibaki chini ya kile cha kundi la kulinganishia, ambacho kilikuwa asilimia 11.8. Sehemu ya tabia mpya ilidumu na sehemu ikaanza kuyeyuka. Kwa halmashauri au kaunti inayofikiria kuanzisha mrejesho, gharama ya karani, ya intaneti na ya muda wa mfamasia au daktari wa kuujadili na wenzake inapaswa kuingia katika bajeti ya kawaida ya kila mwaka, pamoja na dawa na mishahara, kabla ya kifaa cha kwanza kununuliwa.